Kumtafuta Nzi Ambaye Hakutoka: Mwongozo Kamili wa Kubaini Jeni za Lazima kwa Uhai na Uzazi

Siku ya kumi na moja, asubuhi, mwanafunzi alinijia na kichupa mkononi, uso umemng'aa. "Mwalimu, humu hamna hata mmoja mwenye mabawa yaliyonyooka. Wote yamejikunja." Nikamuuliza wako wangapi. "Sita." Nikamwambia akirudishe kichupa kwenye inkubeta, aje tena wakifika mia.

Hakupenda, na ninamwelewa. Alikuwa amesubiri miezi mitatu nzi wake wafike Entebbe. Lakini hesabu haijali subira ya mtu. Kama jeni aliyoizima haina kazi yoyote ya lazima, kila nzi anayetoka ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa na mabawa yaliyojikunja, alama ya wale ambao jeni yao haikuzimwa. Sita mfululizo hutokea kwa bahati tu mara moja katika kila majaribio 64. Wakifika kumi bila hata mmoja aliyenyooka, ni mara moja katika 1,024. Hapo ndipo unaweza kuanza kushawishika, na bado ningengoja mia.

Jeni ya lazima haijionyeshi. Unaijua kwa sababu yule aliyepaswa kutoka hakutoka. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu haihusu jeni zenyewe. Inahusu joto, chakula, hesabu na usafi: mambo yote yanayoweza kumuua nzi au kumfanya tasa huku lawama ikiiangukia jeni isiyo na hatia.

Kwa nini nzi wa matunda

Nzi ninayemzungumzia ni Drosophila melanogaster, yule mdogo mwenye macho mekundu anayezunguka ndizi zilizoiva jikoni. Asili yake ni Afrika hii hii, kusini mwa ikweta, na kutoka hapa akamfuata binadamu duniani kote. Ana jozi nne tu za kromosomu. Mfuatano wa DNA yake ulichapishwa mwaka 2000, ukiwa na jeni kama 13,600, na makadirio ya siku nyingi ni kwamba theluthi moja hivi ya jeni hizo ni za lazima kwa uhai. Takriban robo tatu ya jeni zinazohusishwa na magonjwa ya binadamu zina jeni inayolingana nazo ndani ya nzi huyu. Kwa joto la nyuzi 25, yai hadi nzi kamili ni siku kumi.

Kwa Uganda kuna sababu ya karibu zaidi. Nchi yetu ndiyo pekee yenye aina zote mbili za malale, ile ya kaskazini magharibi na ile ya kusini mashariki, na zote huletwa na mbung'o. Ukitaka kujua ni jeni gani ikizimwa mbung'o hazai, huwezi kuanza na mbung'o mwenyewe: jike huzaa buu mmoja kwa wakati mmoja, na maisha yake yote hazalishi zaidi ya wachache. Lakini jeni nyingi alizo nazo mbung'o, mbu wa Anopheles na nzi wa maembe wanaotuharibia matunda ya kuuza nje, zina ndugu zake ndani ya Drosophila. Unaanza na anayezaa mamia, kisha unakwenda kwa mwingine ukiwa na orodha fupi mkononi. Mwaka 2018 watafiti wa Imperial College, London, waliangusha jamii nzima za mbu ndani ya vizimba kwa kuivuruga jeni iitwayo doublesex, ambayo kazi yake ya kuamua jinsia ilijulikana kwanza kwa nzi huyu huyu wa matunda.

Wala si jambo geni hapa. Mwaka 2011 kozi ya kwanza ya TReND in Africa, shirika la kuendeleza sayansi barani, ya kufundisha kazi ya Drosophila ilifanyika Ishaka, magharibi mwa Uganda. Anayekwambia kwamba utafiti wa jeni hauwezekani nje ya Ulaya na Marekani hajawahi kuona kichupa cha nzi na hadubini ya kawaida ya shule vinaweza kufanya nini.

Kabla ya kuagiza chochote

Andika orodha ya jeni zako kwanza. Ingia FlyBase, hazina ya bure ya taarifa za nzi huyu, uisome kila jeni: iko kromosomu gani, ina nakala nyingine inayofanana nayo, kuna aliyekwisha kuichunguza. Nakala inayofanana ni jambo la kuangalia sana, kwa sababu jeni mbili zinazosaidiana zitakufanya uamini kwamba hakuna iliyo ya lazima. Ukiizima moja, mwenzake anabeba mzigo.

Jeni ishirini zinamtosha mtu mmoja anayeanza. Nimeona wanafunzi wakija na orodha ya mia mbili, na mwezi wa tatu hawajui kichupa kipi ni cha nani.

Vibali navyo vianze mapema. Nzi utakaowaagiza wamebadilishwa vinasaba, kwa hiyo kamati ya usalama wa kibayolojia ya chuo chako lazima ipitie mpango wako, na utafiti uandikishwe kwa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda. Uliza pia kibali cha kuingiza wadudu hai kabla hujalipa senti. Vichupa vilivyokwama uwanja wa ndege kwa wiki mbili vinafika vikiwa kaburi.

Chumba, joto na chakula

Kampala usiku inaweza kushuka hadi nyuzi 17, na mchana ikapanda hadi 28. Kwa binadamu hiyo ni hali ya hewa nzuri. Kwa jaribio hili ni balaa, kwa sababu mbili: swichi ya kuzimia jeni tutakayotumia hufanya kazi kwa nguvu zaidi joto likipanda, na alama ya mabawa hufifia joto likishuka. Unahitaji nyuzi 25, mchana na usiku.

Inkubeta mpya ni ghali. Friji kuukuu ambayo mota yake bado nzima, kidhibiti joto cha dijiti, feni ndogo ya kompyuta na kipasha joto kidogo vinatosha kabisa. Fundi yeyote wa friji atakufungia kwa siku moja. Jaza rafu ya chini chupa za maji za lita tano. Umeme ukikatika, maji hayo yatashikilia joto kwa saa kadhaa kabla halijaanza kuhama. Weka ndani kipimajoto kinachoandika kiwango cha juu na cha chini, ukisome kila asubuhi na uandike daftarini hata kama hakuna lililobadilika. Siku moja utarudi kwenye ukurasa huo ukitafuta kwa nini madume wako wote wamekuwa tasa, na jibu utalikuta pale.

Chakula kinapikwa. Kwa lita moja ya maji mimi hutumia agari gramu 8, unga wa mahindi gramu 60, hamira kavu gramu 20 na sukari gramu 70. Koroga agari katika maji yanayochemka hadi iyeyuke. Unga na hamira vikoroge pembeni na maji baridi kidogo ili visifanye madonge, kisha mimina ndani na upike kwa moto mdogo dakika ishirini, ukikoroga kama mtu anayepika uji wa mgonjwa. Hamira lazima ife. Isipokufa, vichupa vitavimba mapovu na nzi watanasa humo. Toa motoni, subiri hadi chini ya nyuzi 60, ndipo utie mililita 4 za asidi ya propioniki na mililita 10 za methili parabeni iliyoyeyushwa katika ethanoli kwa asilimia 10. Dawa hizi huzuia ukungu. Ukizitia chakula kikiwa cha moto sana zinapotea na mvuke, na wiki moja baadaye utakuta vichupa vina manyoya ya kijani.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini tusitumie ndizi za bogoya, maana pale soko la Kalerwe mama wauzaji wanakupa zilizolegea kwa bei ya kutupa. Kwa kuokoa koo za nzi unaowafuga zisife wakati unga umekwisha, sawa. Kwa jaribio la kuhesabu, hapana. Bogoya ya leo na ya kesho hazina sukari sawa, na buu aliyekosa lishe hufa bila jeni yoyote kuhusika. Bogoya zangu nazitumia kwa mtego: chupa yenye ndizi na karatasi iliyokunjwa kama koni mdomoni, naiweka karibu na mlango wa maabara inase nzi wa mtaani. Hao ni hatari kuliko unavyodhani, na nitakwambia sababu.

Koo tatu unazohitaji

Njia nyepesi ya kuchunguza jeni nyingi ni kuzizima moja moja kwa kutumia RNA yenye nyuzi mbili, ambayo seli ikiiona huharibu ujumbe wa jeni inayolingana nayo. Katika nzi, kifaa hiki hugawanywa kati ya wazazi wawili, kwa utaratibu uliochapishwa na Brand na Perrimon mwaka 1993. Mzazi mmoja ana swichi iitwayo GAL4. Mwingine ana kipande cha DNA kinachotengeneza RNA ya kuzima jeni fulani, lakini kimelala kwa sababu mbele yake kuna kufuli liitwalo UAS, ambalo hufunguliwa na GAL4 tu. Kila mzazi peke yake ni mzima wa afya. Mtoto aliyerithi vyote viwili ndiye anayezimiwa jeni.

Nzi wa swichi ninayempendekeza kwa kuanzia ni Act5C-GAL4/CyO. Act5C inawasha GAL4 karibu mwili mzima. CyO ni kromosomu ya balansa: imepinduliwa vipande vipande ili isibadilishane sehemu na mwenzake, na inabeba alama ya kutawala inayofanya mabawa yajikunje juu kama kaukau za viazi. Nzi mwenye CyO mbili hufa. Kwa hiyo ukoo huo unajihifadhi wenyewe kizazi hadi kizazi.

Nzi wazimaji, yaani wenye UAS na RNA ya kuzima, wanapatikana katika hazina kubwa kama ile ya Vienna, ambayo mwaka 2007 ilitangaza koo zaidi ya 22,000, na za mradi wa TRiP ulioanzia Harvard, zinazosambazwa kutoka Bloomington, Indiana. Agiza koo mbili tofauti kwa kila jeni, zinazolenga sehemu mbili tofauti za jeni hiyo. Usipunguze hapa ili kuokoa pesa. Ukoo mmoja ukiua na wa pili usiue, hujui chochote.

La tatu ni vipimio vyako vya ulinganifu. Cha kwanza ni mzimaji wa kitu ambacho nzi hana, kama jeni ya GFP, protini inayong'aa kijani. Kinapaswa kutoa nusu kwa nusu. Cha pili ni mzimaji wa jeni inayojulikana kuwa ya lazima, kwa mfano ya protini ya ribosomu. Hapa hapapaswi kutoka aliyenyooka. Bila hivi viwili, usifungue jaribio.

Nzi wakifika, watenge chumba kingine kwa vizazi viwili. Mara nyingi mgeni hafiki peke yake: utitiri hupanda juu yake, na ukiingia kwenye koo zako utazunguka nao mwaka mzima.

Kukusanya majike mabikira

Jike wa nzi huhifadhi manii mwilini. Akishapandwa mara moja, ataendelea kuzaa watoto wa dume wa kwanza hata ukimwekea mwingine. Kwa hiyo jike wa jaribio lazima awe bikira, na hapa ndipo wanaoanza huharibu kazi zaidi kuliko popote.

Kwa nyuzi 25, jike aliyetoka hakubali dume kwa karibu saa 8. Asubuhi mapema mwaga nje nzi wote wakubwa wa kichupa, uhakikishe hata mmoja hakubaki kwenye pamba. Rudi kabla ya muda huo wa saa 8 kupita. Majike wote utakaowakuta wametoka ndani ya muda huo, na ni mabikira. Nzi mchanga sana utamtambua kwa rangi: mwili umepauka, na tumboni upande wa chini kuna doa jeusi la kijani, mabaki ya mlo wake wa mwisho alipokuwa buu. Ukiliona doa hilo, mchukue bila wasiwasi. Dume ana ncha ya tumbo nyeusi iliyojaa na vichana vyeusi kwenye miguu ya mbele. Jike ana ncha iliyochongoka yenye mistari.

Kuwalaza, tungi la kaboni dioksidi ni zuri, lakini barafu inafaa vilevile. Jaza sinia barafu, weka juu kisahani cha petri chenye karatasi ya shashi kavu, na nzi watatulia. Wasikae zaidi ya dakika kumi na tano. Etha usiitumie, inashika moto, na maabara zetu nyingi zina madirisha madogo.

Weka mabikira peke yao kwenye kichupa kwa siku tatu. Mabuu yakionekana humo, kuna aliyekuwa amepandwa. Tupa kichupa kizima, usijaribu kumtafuta mkosaji.

Mpandisho na hesabu

Weka majike mabikira wanane wa Act5C-GAL4/CyO na madume watano wa ukoo mzimaji. Vichupa vitatu kwa kila ukoo, pamoja na vile vya ulinganifu, siku hiyo hiyo, kutoka sufuria moja ya chakula. Andika kwenye kichupa chenyewe kwa kalamu isiyofutika: jeni, namba ya ukoo, tarehe. Karatasi za kubandika hudondoka.

Kila baada ya siku tatu wahamishie wazazi kwenye kichupa kipya, na siku ya tisa waondoe kabisa. Kila kichupa kitaanza kutoa watoto karibu siku ya kumi tangu wazazi waingie. Hesabu kila siku hadi ya kumi na nane, kisha uache. Ukiendelea zaidi, wajukuu wataanza kutoka na kuchanganyika na watoto, na hesabu yako itakuwa ya familia mbili.

Kwenye sinia la barafu utaona hivi: waliojikunja ni wale waliorithi CyO, na wazimaji wao wamelala. Walionyooka wamerithi swichi, na jeni yao imezimwa. Tuseme umepata 61 waliojikunja na 43 walionyooka. Mwanafunzi atasema jeni imepunguza uhai. Piga hesabu kwanza: jumla 104, matarajio 52 kwa 52, tofauti 9. Tisa mara tisa ni 81, gawa kwa 52 ni 1.56, na kwa makundi yote mawili ni 3.12. Mpaka wa kai-mraba, kipimo cha kujua kama tofauti ni ya bahati tu, kwa makundi mawili ni 3.84. Hujaufikia. Hiyo inaweza kuwa bahati tu, rudia.

Mimi hugawanya walionyooka kwa waliojikunja. Ikiwa chini ya 0.1 katika vichupa vyote vitatu na koo zote mbili, naandika "ya lazima". Kati ya 0.1 na 0.5 naandika "inadhoofisha". Mipaka hiyo ni yangu. Weka yako, lakini iweke kabla ya kuhesabu.

Kuna mitego minne ninayotaka uikumbuke.

Baadhi ya koo zizimazo zenyewe hufugwa na CyO. Ukiwapandisha na Act5C-GAL4/CyO, watoto wenye CyO mbili hufa wote, na wanaobaki hugawanyika mara tatu: theluthi moja wamenyooka, theluthi mbili wamejikunja. Asiyejua atahesabu 35 kwa 69 na kutangaza kwamba nusu ya nzi wamekufa, wakati hakuna aliyekufa kwa sababu ya jeni yake. Soma jina kamili la ukoo kabla ya kupandisha.

Mabawa ya CyO hunyooka kiasi kwenye baridi. Karibu na nyuzi 19, wengine huwezi kuwatofautisha na nzi wa kawaida. Usiku wa mvua na umeme uliokatika unaweza kukuzalishia "walionusurika" ambao hawapo.

Nzi wa mtaani ana mabawa yaliyonyooka pia. Mmoja akiingia kupitia pamba iliyolegea, jeni yako ya lazima imepata mnusurika wa uongo. Mara nyingi macho humfichua: ya kwake ni mekundu kama tofali, na katika koo nyingi za maabara watoto wa mpandisho huwa na macho ya chungwa au meupe. Mtilie shaka kila mnusurika wa peke yake.

Na kundi moja la koo za Vienna, la KK, lina tatizo linalojulikana: baadhi zina kipande kilichoingia sehemu iitwayo 40D, ambacho huamsha jeni jirani na kuleta madhara yasiyohusiana kabisa na jeni unayoilenga. Hazina yenyewe inaeleza namna ya kupima. Pima, au agiza ukoo wa kundi lingine.

Alikufa lini?

Kujua kwamba hakutoka ni nusu ya habari. Jeni inayomuua yai na ile inayomuua pupa siku moja kabla ya kutoka zina kazi tofauti.

Badilisha swichi: tumia tub-GAL4 inayofugwa na balansa ya TM6B yenye alama ya Tb. Alama hii inamfanya buu na pupa kuwa mfupi mnene, kwa hiyo huhitaji kusubiri mabawa. Pupa warefu ni wale waliozimiwa jeni. Ukiwaona warefu wamebandika ukutani mwa kichupa, wameiva, macho mekundu yanaonekana ndani ya ganda na hata nywele za mgongo zimekuwa nyeusi, lakini hakuna anayefungua kifuniko, basi kifo kilikuwa mlangoni. Wapasue wachache kwa sindano mbili chini ya hadubini. Nimewahi kumkuta nzi amekamilika kila kiungo, miguu imekunjwa vizuri kifuani, amekufa tu. Unakaa kimya kidogo ukiona hivyo.

Kama hata pupa mrefu hayupo, rudi kwenye mayai. Mimina agari yenye maji ya zabibu kwenye visahani, paka tone la hamira iliyolowekwa katikati, na ufungie wazazi humo usiku mmoja. Rangi nyeusi ya zabibu inafanya mayai meupe yaonekane. Panga mayai 100 kwa brashi kwa safu za kumi, na baada ya saa 36 hesabu maganda matupu na yaliyobaki. Mayai yaliyogeuka rangi ya kahawia yalianza kukua yakafa. Yaliyobaki meupe huenda hayakurutubishwa. Kazi kama hii, ya kutazama viinitete vilivyokufa kimoja kimoja, ndiyo iliyowawezesha Nüsslein-Volhard na Wieschaus mwaka 1980 kutangaza maeneo 15 ya jeni yanayopanga pingili za mwili, na kuwapatia Nobel mwaka 1995.

Jeni za uzazi

Walionyooka wakitoka wengi na wenye afya, usifunge faili. Huenda jeni inaweza kuachwa na anayeishi tu, lakini haiwezi kuachwa na anayezaa.

Chukua majike mabikira 15 walionyooka, kila mmoja kichupa chake, na madume wawili wa kawaida. Chukua madume 15, kila mmoja na mabikira watatu wa kawaida. Fanya hivyo hivyo kwa ndugu zao waliojikunja. Baada ya siku tano tazama: je, kuna mayai? Kuna mabuu? Jike asiyetaga ana tatizo la ovari au la kutoa yai. Jike anayetaga mayai yasiyoanguliwa ni wa kuchunguza kwa makini zaidi, kwa sababu yai hubeba vitu alivyoviweka mama, na jeni ya mama inaweza kumuua mtoto ambaye mwenyewe hana kosa.

Pasua ovari ndani ya maji ya chumvi: shika kifua kwa koleo moja, na kwa jingine vuta ncha ya tumbo taratibu. Ovari nzima za jike aliyelishwa hamira siku mbili hujaza tumbo, kila moja ikiwa na mirija kama kumi na sita yenye mayai yaliyopangana kwa ukubwa. Ovari isiyo na seli za uzazi ni kikonyo kidogo unachoweza kukipoteza kwenye tone la maji. Kwa dume, ponda vifuko vya manii chini ya kioo na utazame kama kuna kinachocheza.

Hapa ndipo joto huua ukweli. Dume wa nzi huyu akilelewa kwenye nyuzi 30 huwa tasa, bila jeni yoyote kuzimwa. Wenzetu wa Gulu na Arua wanaijua Januari ilivyo. Kama waliojikunja nao wamekuwa tasa, tatizo ni chumba.

Na zile jeni zilizomuua nzi kabla hajakua? Huenda zina kazi kwenye uzazi pia, lakini Act5C haitakuonyesha. Tumia nanos-GAL4, inayowasha swichi kwenye seli za uzazi peke yake, na nzi ataishi huku seli hizo tu zikizimiwa jeni. Hakikisha mzimaji wako ametengenezwa kwa vekta (vibebeo vya DNA) za VALIUM20 au VALIUM22; zile za zamani zenye RNA ndefu hazifanyi kazi vizuri kwenye ovari, na "hakuna athari" yake haina maana yoyote.

Kabla ya kusema "ya lazima"

Koo mbili zimekubaliana, ulinganifu umekaa sawa. Bado kuzima kwa RNA kunapunguza jeni tu, hakuifuti, na kunaweza kupiga jeni nyingine inayofanana. Kwa zile chache zilizokuvutia, agiza nzi ambao jeni hiyo imeharibika kabisa, umpandishe na mwingine aliyekatwa kipande cha kromosomu chenye jeni hiyo. Mtoto aliyerithi vyote viwili hana nakala nzima hata moja. Akikosekana, ushahidi wako umesimama kwa miguu miwili. Ukirudisha nakala nzima ya jeni na nzi akatoka, ni mitatu. Ukikosa fedha za haya yote, andika kwa uaminifu kwamba "kuizima jeni kumeua", usiandike kwamba jeni ni ya lazima.

Zile zisizokupa athari nazo ziandike, pamoja na namba ya ukoo na joto. Mtu wa Mbarara anayepanga orodha yake mwaka ujao ataokoa miezi.

Vichupa vilivyokwisha hesabiwa usivitupe jalalani vikiwa na mabuu hai. Vifunge kwenye mfuko, viweke kwenye friza la nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku mbili, kisha ndipo vichemshwe na kuoshwa. Pamba zichomwe.